Mikono Mapajani

3 Februari

Shangazi,

Nisamehe, leo naanza vibaya. Nikianza na salamu nitazunguka nazo mpaka karatasi iishe, na neno lenyewe litabaki kooni kama lilivyobaki wiki tatu hizi. Kipaza sauti cha mgeni hukukiacha wazi wewe. Nilikifungua mimi. Sikujikwaa wala sikukosea. Nilikisukuma juu kwa kidole changu nikijua ninachofanya. Sijamwambia mtu yeyote, hata baba.

Sasa ndiyo salamu. Shikamoo. Baba hajambo, kifua kimepoa. Gari lako lipo uani, tumelifunika shuka. Kila Jumamosi baba analiwasha, analisikiliza, analizima, kisha anaingia ndani na kusema, "Linaendelea vizuri," utadhani ametoka kumwona mgonjwa. Funguo ulizomwachia ziko kwenye bilauri kabatini.

Nirudi kwenye ile siku. Taarifa ya habari ya saa saba ilikuwa hewani. Habari ya ng'ombe kuchanjwa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, nayo ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Wewe ukasikia mashine ya picha inavuma vibaya kwenye chumba cha makabati. Ulipapasa meza kama kawaida yako, kiganja kimoja kutoka kushoto hadi kulia kama mtu anayetandika kitanda, visukumio vya vipaza sauti vyote vikalala chini, vimefungwa. Ukainuka. Ukaniambia mimi mwanafunzi wako, "Kimya, kaa hapa. Macho kwenye skrini, mikono mapajani. Nikirudi niikute hapo hapo." Ukaondoka na feni ya kuipoza mashine.

Bosi alikuwa ndani ya studio, kwenye kiti cha mgeni, akisubiri kuhojiwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sisi wa chumba cha kuongozea tunawasikia watu wa studio kupitia ile spika ndogo, hata kama watazamaji hawawasikii. Basi nikamsikia anamwambia msomaji habari, "Huyu mama wa mitambo, Ijumaa namtoa. Tulimweka pale kujaza kiti tu. Anavyotembea na bisibisi kifuani, utadhani kavishwa nishani! Nimeshapata mtaalamu." Akacheka. Msomaji habari akamuuliza watazamaji watasemaje. Akasema, "Watazamaji wanajua nini? Wawekee ukuta, watakaa watazame ukuta."

Uso wangu uliwaka. Unanijua, Shangazi. Mimi ndiye ninayesubiri korido iwe tupu ili nisilazimike kusema "naomba nipite." Lakini pale alipocheka, kabla hajafika kwenye ukuta, kidole kilitoka pajani. Nchi nzima ikaona ng'ombe wanachomwa sindano huku sauti ya bosi ikiwaambia watatazama ukuta.

Ulirudi mbio, ukakishusha. Mikono yangu ilikuwa imesharudi mapajani. Ukafungua kitabu cha hitilafu ukaandika kwa mwandiko wako ulionyooka: "Saa saba na dakika kumi na mbili. Kipaza sauti cha mgeni kiliachwa wazi, sekunde arobaini na moja. Aliyekuwa kitini: mimi." Hukuniuliza kitu.

Jioni ulikaa sebuleni unatazama kiganja chako. Ukamwambia baba, "Kimeruka kimoja. Miaka ishirini na miwili, kaka, leo kimeruka kimoja." Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai.

Namkabidhi barua hii dereva anayewaletea dizeli huko mnarani kwa sababu simu ya ofisi uliirudisha, na ile ya mnarani inapita kwanza chumba cha kuongozea, wote wanasikiliza. Naomba usimwambie mtu.

Mimi,
binti wa kaka yako


19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kifua cha baba yako kimepoa. Mwambie aache kuliwasha lile gari bila kulitembeza, ataua betri. Na kama anataka kulisikiliza, anunue redio.

Mimi ni mzima. Niko huku mlimani waliponihamishia, na mnara, jenereta mbili na mlinzi mmoja. Mlinzi huyu ameishi chini ya mnara miaka tisa, matangazo ya nchi nzima yanapita juu ya kichwa chake, na hana televisheni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, mpishi hashibi kwa harufu?" Nimekaa nikilifikiria jibu hilo siku mbili na bado sijui kama alinijibu au alinitania.

Baridi inauma. Choo kiko mbali. Mkurugenzi wa ufundi mzima, kazi yangu sasa ni kupima dizeli kwa kijiti na kuhakikisha taa nyekundu za juu zinawaka. Wameniletea karatasi: kamati itakaa tarehe tisa Aprili kuamua kama nifukuzwe. Karatasi hiyo imetiwa saini na yule yule aliyewaambia watu watazame ukuta. Aliomba radhi, akasema alikuwa anatania na rafiki yake. Yeye mtani, mimi mhalifu! Nikikumbuka, nachukua spana naenda kukaza nati za jenereta. Hakuna jenereta iliyokazwa kama hizi zangu.

Barua yako ilifika imelowa dizeli. Nimesoma habari za gari na za kifua. Mengine yamefutika. Kama kulikuwa na jambo la maana, liandike tena, au liache.

Shangazi yako


5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakusalimu, na gari sasa analitembeza mbele na nyuma uani, hatua nne kila upande. Amegonga ndoo.

Nimezungumza na dereva wa dizeli. Mimi, nimemfuata mwenyewe mpaka getini nikamuuliza. Amesema barua yangu aliiweka ndani ya shati, kifuani, na ilikufikia kavu kama biskuti. Akasema uliisomea pale pale kwenye ngazi ya gari, halafu ukarudi ndani bila kumuaga, na si kawaida yako.

Kwa hiyo haikulowa. Sijawahi kukukasirikia maishani mwangu, sijui hata namna ya kuanza. Nilikaa na lile neno wiki tatu nikashindwa kula. Nimelitoa, na wewe umenijibu habari za choo! Kama umekasirika, kasirika. Usiniandikie kana kwamba mimi ni mtoto aliyevunja kikombe.

Nikuambie ya huku. Yule mtaalamu ameshaingia. Amekuja na mto wake wa kukalia. Siku ya kwanza aliung'oa utepe wote uliouandika kwa mkono wako kwenye vitufe, akasema meza inaonekana kama daftari la mwanafunzi. Siku ya tatu taarifa ya habari ilianza na picha ya dari ya studio. Dari, Shangazi, na lile doa la maji. Watu ambao tangu Januari wanatutumia picha za kuta zao sasa wanatutumia na dari.

Juzi bosi aliniita. Alinipa kiti, hajawahi kunipa kiti. Akasema, "Wewe binti ni mtulivu, tunapenda watu watulivu." Nafasi ya kudumu ipo, barua ya ajira iko tayari, ila kwanza kuna maelezo ya kutia saini kwa ajili ya kamati. Ameyaandika mtaalamu, ambaye siku ile hakuwepo hata kwenye jengo. Yanasema wewe ulikuwa na tabia ya kuacha vipaza sauti wazi, na kwamba mimi niliona mara nyingi.

Nikasema nitafikiria. Nilisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliniuliza mara mbili, na mara ya tatu akajijibu mwenyewe: "Vizuri, nilijua utakubali."

Nafanyaje? Naandika tena, safari hii kwa kalamu nyeusi. Ni mimi. Nilimfungulia kwa sababu alikutukana.

Binti wa kaka yako


19 Machi

Wewe,

Salamu sina.

Ulitaka nikasirike, haya. Nilisoma barua yako ya kwanza kwenye ngazi ya gari, nikaisoma tena, nikaingia ndani nikakaa kwenye ndoo ya dizeli mpaka jua likazama. Nilitaka kushuka mlima kwa miguu nije nikuzabe kofi. Mlinzi ndiye aliyenifichia viatu.

Unajua ulichonichukulia? Usiniambie kazi. Kazi inachukuliwa na kurudishwa. Baada ya siku ile sikuiamini tena mikono yangu. Nilikwenda kupimwa macho. Nilimwambia daktari kiganja changu kimeanza kuruka vitu, akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniambia ni umri. Umri! Nilimpa baba yako funguo za gari kwa sababu niliogopa siku moja mguu nao utaruka breki. Hapa mlimani kila asubuhi nilikuwa nahesabu taa nyekundu mara tatu, nikijiuliza kama ninaloliona ndilo lililopo. Nawe ulikuwa unajua. Ulinipakulia wali, ukanipigia pasi nguo za safari, ukijua.

Halafu unasema ulinitetea. Nani alikutuma? Unadhani sikujua habari za Ijumaa? Jengo zima lilikuwa linajua, mpaka mfagizi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu. Nilikuwa niingie ofisini kwake Ijumaa asubuhi, nimwekee mezani orodha ya kila siku niliyoiweka stesheni hii hewani kwa waya na gundi, nimtazame usoni. Miaka ishirini na miwili nilikuwa naidai siku hiyo! Ukainyakua kwa kidole kimoja. Nikaingia kwake si kama fundi bali kama mzembe, nimeinamisha kichwa, na maneno yangu yote yameoza mdomoni.

Na sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo la kazi. Kwa nini nawawekeni mikono mapajani? Mnadhani naogopa mtachafua vitufe. Kila mtu anayekaa mbele ya kipaza sauti ametukabidhi mdomo wake. Mwema, mwovu, mpumbavu, wote. Anakohoa, anatukana, analia kabla ya kuingia hewani, anatongoza, na hakuna anayesikia ila sisi. Nimesikia mambo kwenye spika ile ambayo yangevunja nyumba za watu. Nimeyameza. Siku fundi atakapofungua sauti kwa sababu amekasirika, hakuna mtu atakayekaa tena kwenye kile kiti cha studio na kupumua. Bosi ni mshenzi. Lakini ushenzi ule aliuweka mikononi mwetu, nawe ukautupa barabarani.

Unaniuliza ufanyeje. Sikwambii. Nikikwambia sema, utasema kwa ajili yangu. Nikikwambia nyamaza, utanyamaza kwa ajili yangu. Yote mawili umeshanifanyia, na tazama nilipo. Mimi kwenye kamati sitakutaja. Kitabu kinasema mimi, na kitabu cha hitilafu hakichanwi ukurasa wala hakipakwi wino. Anayetaka kusahihisha anaandika chini yake.

Shangazi yako

Dari? Kweli ilikuwa dari?


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Jana alinisindikiza mpaka getini bila kujua ninakwenda kufanya nini, akaninunulia maji.

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Mwanzoni nililia kwa hasira, kwa sababu nilitaka uniambie ahsante. Sasa naona aibu hata kuliandika hilo.

Kamati ilikaa jana. Ulisema kwa simu ya mnarani kwamba huna la kuongeza kwenye kitabu, nao wakakata simu kwa haraka. Walikuwa watu watatu na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani shingoni, na bosi kando. Mezani kulikuwa na kipaza sauti cha kurekodi kikao, kimezimwa. Mtaalamu alikuwa anakigongagonga kama mtu anayebisha hodi. "Hakifanyi kazi," akasema. Nilinyoosha mkono nikaibonyeza swichi iliyo chini yake. Mwenyekiti akacheka. "Haya binti, kumbe fundi ni wewe. Tusomee maelezo yako."

Nikasema, "Sijatia saini."

"Sema kwa sauti."

"Sijatia saini! Si kweli. Naomba kitabu cha hitilafu."

Bosi akasema hakuna haja ya kitabu. Mwenyekiti akasema haja ipo. Wakakileta. Nikatafuta ukurasa wako. Chini ya mstari wako niliandika: "Masahihisho. Fundi alishusha vipaza sauti vyote kabla ya kuinuka. Aliyekuwa kitini: mwanafunzi. Sababu: makusudi." Nikaweka saini yangu na saa.

Bosi alisimama. "Nani kakutuma? Shangazi yako?"

"Nilimuuliza nifanyeje, akakataa kuniambia."

"Basi kwa nini ulifanya?"

"Nilikasirika."

"Alikasirika! Mnasikia? Alikasirika! Kila mwenye hasira sasa atuanike hewani?"

Mwenyekiti akasema, "Keti, bosi. Hayo ya kuanikwa yalikuwa maneno ya nani?" Mtaalamu akatazama mto wake.

Shangazi, hapo nikamgeukia bosi. Nikamwambia, "Maneno yako yalikuwa mabaya, ila hukuyatoa hewani wewe. Niliyatoa mimi, na sikuwa na ruhusa. Kwa hilo naomba radhi. Kwa kukasirika siombi." Sikujua nitasema hivyo. Nadhani nusu ya maneno hayo ni yako.

Wameniambia nirudishe kitambulisho. Nimekirudisha. Nilipita chumba cha kuongozea kuchukua mkoba wangu. Kiyoyozi bado kinadondokea kwenye ile ndoo uliyoitega chini yake. Nikatoka.

Jioni nilimwambia baba. Alikwenda kabatini, akatoa funguo kwenye bilauri, akazifuta kwa shati, akazirudisha.

Binti wa kaka yako


24 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sema na baba yako asizifute tena hizo funguo, azitoe nje ya bilauri kabisa. Nakuja kuendesha mwenyewe.

Gari la dizeli limeleta barua mbili, ya ofisi na yako. Ya ofisi nimeisoma mara moja. Natakiwa kurudi kitini tarehe kumi na tano Mei, na nimepewa onyo kwa kuinuka nikamwachia kiti mwanafunzi. Onyo hilo ni haki yangu, nitalitundika ukutani. Mtaalamu atakuwa msaidizi wangu. Nitamweka mikono mapajani mwaka mzima, na mto wake nitaukalia mimi.

Bosi bado ni bosi. Usidhani dunia imenyooka. Amepewa na yeye karatasi ya onyo, na naambiwa siku hizi akiingia studio anakaa kimya kama jiwe mpaka ile taa nyekundu ya kuingia hewani iwake. Umemfunza adabu na umemnyima pumzi kwa mpigo mmoja. Sijui nilie au nicheke, kwa hiyo nimekaza nati.

Yako nimeisoma mara nne. Hasira yangu haijaisha, usijipendekeze. Itanichukua mvua mbili tatu. Wamekutoa, na sitakuombea urudishwe, kwa sababu ningekuwa mimi ningekutoa vile vile. Lakini nyumbani kwangu, chini ya kitanda, kuna meza ya zamani ya kuongozea, imekufa nusu. Utakuja kila Jumapili. Utaifufua, na hutaigusa nikiwa sijakuambia.

Juzi asubuhi nilihesabu taa nyekundu mara moja tu. Nikaingia ndani.

Nina swali moja, na unijibu kabla sijashuka, kwa barua, maana ukiwa mbele yangu utatazama vidole vya miguu yako. Siku ile, kidole kilipokuwa juu ya kile kisukumio, zile sekunde arobaini na moja, ulisikia nini moyoni? Sitaki jibu la kamati.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameosha gari mara mbili leo. Hajambo.

Dereva amesema hii ndiyo safari yake ya mwisho kwako kabla hujashuka, kwa hiyo sina namna ya kukwepa.

Ile siri ya mwanzo, niliyokuomba usimwambie mtu, usiitunze tena. Ipo kwenye kitabu, chini ya mstari wako, kwa jina langu kamili, na ukurasa hauchanwi. Mwambie unayetaka. Mwambie mlinzi.

Jibu la swali lako ni hili. Niliogopa sekunde ya kwanza. Nilikasirika labda tano. Baada ya hapo nilifurahi. Nilisahau kabisa kama ni kwa ajili yako, Shangazi. Mimi ambaye darasani mwalimu aliniandika "hayupo" nikiwa nimekaa mbele yake, nilisukuma kidude kidogo na nchi nzima ikanyamaza ikasikiliza. Ningeweza kukishusha kwenye sekunde ya kumi. Nilisikia viatu vyako vinakuja koridoni na bado sikukishusha. Nilitaka moja zaidi.

Ndiyo maana nitakuja kila Jumapili, na ndiyo maana nakuomba uniwekee mikono mapajani muda mrefu kuliko mtaalamu. Sasa najua mikono hiyo inangojea nini.

Kamati sikuwaambia hivyo. Nilisema nilikasirika, nao wakaandika nilikasirika. Baba anadhani nilifanya kwa ajili yako, na anatembea ameinua kichwa. Mwache hivyo. Hii moja, Shangazi, iwe kama yale unayoyasikia kwenye ile spika ndogo. Imeze.

Binti wa kaka yako